Laptopu ya kawaida au ya kuchomoa skrini? Namna ya kuchagua ya kazi ukiwa Amu

Anayenunua laptopu ya kazi akiwa Amu, yaani Lamu, ana hesabu ambazo mnunuzi wa Nairobi hana. Mashine yake itapanda boti. Itakaa kwenye hewa ya chumvi mwaka mzima, kusi na kaskazi. Ikiharibika, mara nyingi itavushwa hadi Mokowe, ipakiwe kwenye basi, ipite Witu na Garsen mpaka Malindi au Mombasa, na kazi imngoje. Mambo haya yana uzito kuliko wembamba wa mashine au rangi yake.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Kama kazi yako kubwa ni kuandika na kupiga hesabu ukiwa umekaa, nunua laptopu ya kawaida, hasa zile za ofisini zilizotumika, ambazo betri na RAM (kumbukumbu ya kazi) zake hubadilishwa kwa bisibisi. Ya kuchomoa inastahili pesa zako ikiwa karibu kila siku unafanya kazi umesimama, unachora kwa kalamu, au unampa mtu mwingine skrini asome na atie sahihi. Mara moja kwa mwezi haitoshi kuwa sababu.

Tukisema ya kuchomoa tunamaanisha ile ambayo skrini hutoka kabisa kwenye kibodi ikabaki tableti: Surface Pro, ThinkPad X12 Detachable, HP Elite x2, Dell Latitude 7320 Detachable na wenzao. Usiichanganye na ya kukunja, ambayo skrini huzunguka nyuzi 360 lakini haitoki, kama ThinkPad X1 Yoga au HP EliteBook x360. Wauzaji huzitia zote kapu moja. Ya kukunja, kwa muundo wake, ni laptopu ya kawaida yenye bawaba za aina nyingine na skrini ya kugusa.

Tofauti inayozaa nyingine zote

Kwenye laptopu ya kawaida, prosesa, betri, diski na feni vimelala chini ya kibodi, na skrini ni skrini tu. Kwenye ya kuchomoa, vyote hivyo vimesukumwa nyuma ya kioo, na kibodi imebaki kifuniko chembamba chenye vitufe. Ndiyo maana ya kuchomoa huelemewa upande wa juu na kuhitaji mguu wa kuisimamisha kwa nyuma. Ndiyo maana joto lake hutokea nyuma ya skrini, mahali unaposhika. Na ndiyo maana fundi akitaka kuifikia betri, kwa aina nyingi inambidi kwanza akibandue kioo kilichogandishwa kwa gundi. Kila utakachosoma hapa chini kinatokana na hilo.

Anza na kazi yako

Chukua karatasi, na kwa siku tatu za kazi andika kila mara unapofungua kompyuta: umekaa au umesimama, iko mezani au pajani, unaandika maneno mengi au unajaza visanduku vichache, uko ndani au nje. Andika ulivyofanya, si unavyotamani kufanya. Kisha jumlisha saa. Zaidi ya saa mbili kwa siku za kuandika kwa mikono miwili zinakuelekeza kwenye ya kawaida. Zaidi ya saa mbili za kusimama na kalamu zinakuelekeza kwenye ya kuchomoa. Ukiangukia katikati, angalia kwanza kama simu yako ya Android haifanyi tayari ile nusu ya kusimama.

Mweka hesabu wa nyumba za wageni za Shela ni mfano mzuri wa kundi la kwanza. Siku yake ni Excel, barua pepe za wageni na marejesho ya kodi. Fomu za KRA zinazopakuliwa kutoka iTax huja kama faili ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili: unajaza, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, inatoka faili ya zip, na hiyo ndiyo unayoipandisha. Makro hizo hazifanyi kazi kwenye Excel ya iPad wala ya tableti ya Android. Ya kuchomoa yenye Windows kamili itazifungua sawasawa, kwa hiyo hapa kinachokataa ni mfumo, si umbo. Wengi hununua iPad na kibodi yake wakidhani wamepata laptopu, kisha wakakwama siku ya mwisho ya kuwasilisha. Na hata ukiwa na Windows, kujaza safu mia mbili kwenye kibodi ya kifuniko, inayodunda kidogo kila kidole kinapotua, kunachosha mapema kuliko kibodi ngumu.

Karani anayerekodi samaki wanaoshushwa Kizingitini au Faza huonekana kama ndiye hasa wa kuchomoa, kwa kuwa amesimama gatini tangu asubuhi. Lakini ana mikono yenye maji na magamba, na skrini ya kugusa ikipata maji ya chumvi hujibonyeza yenyewe au hukataa kidole. Tena, programu ya KoboCollect, inayotumiwa sana kukusanya takwimu za nyanjani, imetengenezwa kwa Android. Kwenye Windows utabaki kujaza fomu kupitia kivinjari. Mtu huyu tunamshauri atumie simu ya Android ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia maji wakati wa kukusanya, na laptopu ya kawaida ya kusafisha takwimu na kuandika ripoti akirudi ofisini. Vyote viwili pamoja mara nyingi havifikii bei ya mashine moja nzuri ya kuchomoa, na kimoja kikianguka majini kingine kinabaki.

Kundi la pili lipo pia, na kwa Amu si dogo. Mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba zake za mawe hupimwa, huchorwa na hukaguliwa kabla na baada ya matengenezo. Anayeifanya kazi hiyo huingia dakani (ukumbi wa mlangoni), hupita kiwandani (ua wa ndani), hupanda ngazi nyembamba zenye giza mpaka juu, na hana pa kuweka meza. Kwake ya kuchomoa ni chombo cha kazi hasa: anapiga picha ya ukuta wenye zidaka (vishubaka vya ukutani) kwa kamera ya nyuma, anachora juu ya picha hiyo hiyo kwa kalamu mahali penye ufa, anaandika kipimo pembeni, na akifika ofisini anabandika kibodi na kuendelea kwenye faili ile ile. Kuifanya kazi hiyo kwa laptopu ya kawaida ni kuifanya mara mbili, kwanza kwenye daftari kisha kwenye kompyuta. Vivyo hivyo kwa fundi anayechora nakshi za milango kabla ya kuchonga, na kwa afisa wa chama cha akiba anayezunguka kukusanya sahihi za watu.

Mwalimu, mfasiri, mwandishi, anayenakili mahojiano: ya kawaida, bila kusitasita.

Paja, baraza na boti

Nenda dukani na utepe wa kupimia. Laptopu ya kawaida ya inchi 14 huchukua kama sentimita 23 kutoka mbele hadi nyuma. Ya kuchomoa ya inchi 12 au 13, mguu wake ukishatolewa nje, hudai kama sentimita 28 hadi 30 za mahali bapa na pagumu. Meza ya kando ya kitanda katika nyumba nyingi za wageni haina kina hicho. Pajani, mguu huo hukata nyama ya goti, na ukiwa na mapaja mafupi hukosa pa kukanyaga, skrini ikalala chali. Ukikaa barazani umekunja miguu, laptopu ya kawaida hutulia. Ya kuchomoa utaishika kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine.

Kwenye boti usifungue yoyote. Vumbi la maji ya bahari hupenya kwenye vitufe na matundu hata pale usipoloa mwenyewe, na wakati wa kusi mkondo huchafuka ghafla. Mashine ikae ndani ya mfuko wa kuzuia maji wenye mdomo wa kukunja. Kunja mara tatu kabla ya kufunga klipu, kwani mkunjo mmoja huvuja.

Uzito hutangazwa kuliko unavyostahili. HP EliteBook 840 G5 ni kama kilo 1.5. ThinkPad X12 pamoja na kibodi yake ni kama kilo 1.1. Ongeza kwenye ya pili adapta ya matundu mengi na kalamu, tofauti inashuka karibu gramu 300. Kwa anayetembea kilomita 3 kutoka mjini hadi Shela juani hilo si kitu kikubwa. Anayeishika hewani kwa mkono mmoja saa nzima ndiye anayehisi, na huyo ataishika bila kibodi, ambapo ni kama gramu 760.

Skrini ni jambo ambalo ya kuchomoa mara nyingi hushinda. Laptopu nyingi za ofisini zilizotumika zina mwanga wa niti 220 hadi 250, na hizo hazisomeki nje mchana, hata kivulini utakaza macho. Za kuchomoa nzuri hufika niti 400. Lakini kioo chake hung'aa na kuakisi ukuta mweupe ulio nyuma yako, ilhali skrini isiyong'aa ya laptopu ya kawaida haifanyi hivyo. Peleka zote mbili mlangoni mwa duka, weka mwanga wa mwisho, fungua ukurasa wa maandishi meusi na usome aya nzima. Faida nyingine ya za kuchomoa ni umbo la skrini la uwiano wa 3 kwa 2, refu kwenda juu, linaloonyesha mistari mingi zaidi ya hati kuliko la 16 kwa 9.

Umeme, na hesabu ya saa

Stima ikikatika, swali ni moja: itadumu hadi kazi iishe? Usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi. Tafuta ukubwa wa betri kwa wati-saa, kisha gawanya kwa 8, kwa sababu kuandika na kuvinjari kwa mwanga wa kati hula kama wati 6 hadi 10. Surface Pro 7 ina betri ya wati-saa 43, yaani kama saa tano ikiwa mpya. EliteBook 840 G5 ina 50, kama saa sita. ThinkPad T480 ina betri ya ndani ya wati-saa 24 na ya nje unayoichomeka kwa nyuma, ambayo hupatikana ya 24, 48 au 72. Ukiwa na ile kubwa unafika 96, kama saa kumi na mbili, na unaweza kubadilisha ya nje bila kuzima mashine. Kwa mtu wa visiwani sijui kitu kingine kinachofaa kuliko hicho. Ukisafiri kwa ndege kutoka Manda, betri ya akiba na benki ya umeme viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo, na kila kimoja kisizidi wati-saa 100.

Ng'ang'ania mashine inayochajiwa kwa USB-C. Nyumba na boti nyingi zina sola yenye betri ya volti 12. Chaja ya gari ya USB-C yenye wati 45 au 65 huchomekwa hapo moja kwa moja, bila kupitia inveta ambayo hupoteza umeme ikiubadilisha kuwa volti 240 na chaja kuushusha tena. Chaja hiyo lazima iwe na hatua ya volti 20. Nyingi za bei rahisi huishia volti 9 au 12, na laptopu itakwambia inachaji polepole au ikatae kabisa. Benki ya umeme ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 kwa maandishi, na baada ya hasara utapata kama 60, yaani kuijaza Surface Pro 7 mara moja na kidogo.

Hapa kuna mtego katika za kuchomoa zilizotumika. Surface Pro 6 na zilizotangulia hazina USB-C. Huchajiwa kwa kichwa cha sumaku cha aina yake. Chaja hiyo ikifa ukiwa Amu, utangoja mzigo. Surface Pro 7 ina USB-C moja na USB ya kawaida moja. Kwa upande wa T480, jaribu kuchaji kwenye tundu la USB-C pale pale dukani, kwa sababu programu ya ndani inayoliendesha (Thunderbolt), ikiwa ya toleo la zamani, huweza kuliua tundu hilo. Lenovo walitoa sasisho la kuzuia hilo, na linafaa liwekwe kabla hujaanza kazi.

Joto linahusika pia. Surface Pro 7 yenye prosesa ya i5 haina feni, ile ya i7 inayo. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba kisicho na feni kikipita nyuzi 32, mashine isiyo na feni hujipunguzia mwendo ili isiungue, na mkutano wa video wa saa moja utauona ukikwama. Mashine yenye feni huvumilia zaidi, mradi usiiweke juu ya mto au godoro, kwani huko huvuta hewa kupitia tumbo lake lililozibwa.

Chumvi, mchanga na fundi

Angalia sehemu ambayo skrini ya kuchomoa hukutana na kibodi. Utaona vipini vidogo vya shaba au dhahabu, vilivyo wazi kwa hewa. Hewa ya chumvi huvitia ukungu wa kijani au weusi, na dalili ya kwanza ni kibodi kupotea na kurudi katikati ya sentensi. Watu hudhani kibodi imekufa, wakanunua nyingine. Zima mashine, lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa pande zote mbili, ngoja dakika kumi, kisha jaribu. Spiriti ya hospitalini ina maji mengi zaidi, na nyingine huwa na mafuta yanayobaki kama utando.

Sumaku inayoishika kibodi hapo nayo huvuta chembe nyeusi zenye chuma zilizomo kwenye mchanga wa pwani. Chembe mbili tatu zikikaa kati ya vipini, kibodi haibani sawasawa, na zikisuguliwa hukwaruza. Zing'oe kwa gundi ya selotepu, usizipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Kibodi zilizovikwa kitambaa hunywa jasho na mafuta ya mikono na hazirudi weupe wake; chagua rangi nyeusi au ya plastiki.

Laptopu ya kawaida nayo haiponi. Feni yake huvuta hewa yenye chumvi na vumbi la chokaa kutoka kuta za zamani, na baada ya miezi kama minane mapezi ya kupoza huziba. Tofauti ni kwamba fundi yeyote mwenye bisibisi nzuri anaifungua, anapiga brashi, anaifunga. Kitufe kikifa, kibodi nzima hubadilishwa. Betri ikichoka, huagizwa na kufungwa kwa skrubu. RAM ya DDR4 huongezwa kwenye nafasi yake. Kwenye nyingi za kuchomoa, RAM imechomelewa kwenye ubao na haiongezwi kamwe, kwa hiyo nunua GB 16 tangu siku ya kwanza, au GB 8 kama mwisho wa chini. Diski ya Surface Pro 7 nayo imechomelewa. Kuanzia Pro 7+ na Pro 8 diski hutoka. Kabla ya kununua, muulize fundi wako swali moja la wazi: umeshawahi kubandua kioo cha aina hii kikatoka kizima? Akisita, hesabu kwamba betri ikifa mashine imekwisha. Kumbuka kwamba na laptopu nyembamba za kawaida, kama ThinkPad X1 Carbon, huwa zimechomelewa RAM. Wembamba una bei yake popote.

Matundu, draiva na vitu vya ofisini

Projekta za kumbi nyingi ni za HDMI, na printa za ofisini ni za USB ya zamani. T480 na EliteBook 840 G5 zina matundu hayo mwilini. Ya kuchomoa itakudai adapta yenye HDMI, USB mbili na njia ya kupitisha chaja ya wati 60 au zaidi. Si kila tundu la USB-C hutoa picha. Jaribu na skrini halisi, usiridhike na maneno ya muuzaji.

Surface Pro ya 2024 yenye prosesa ya Snapdragon, ambayo ni ya aina ya ARM, hudumu sana kwenye betri na programu nyingi za Windows huendesha bila tatizo. Draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuendesha vifaa, ni habari nyingine: printa ya zamani au mashine ya risiti isiyo na draiva iliyoandikwa kwa prosesa za ARM haitafanya kazi, hata ukibembeleza vipi. Mwenye duka au ofisi yenye vifaa vya zamani achukue yenye prosesa ya Intel au AMD.

Siku ya kununua

Mashine nyingi zinazofika huku zimetumika ofisini Uingereza. Bei ya ya kuchomoa usiisikilize mpaka umejumlisha mashine, kibodi, kalamu, chaja na adapta, kwa kuwa kibodi na kalamu mara nyingi huuzwa kando. Kibodi ya Surface Pro 8 na 9 haiingii kwenye Pro 7 na zilizotangulia, wala za zamani haziingii kwa mpya.

Uliza kizazi cha prosesa kabla ya kitu chochote. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine), na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta. Namba ya prosesa ikisomeka i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndiyo kizazi. Surface Pro 4 na Pro ya 2017 zinauzwa rahisi kwa sababu ni za kizazi cha 6 na cha 7. Ziache.

Kisha fanya majaribio haya, kama nusu saa yote:

1. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Faili ya ripoti itahifadhiwa kwenye folda yako. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Chini ya asilimia 80, punguziwa bei. Chini ya 60, kwa laptopu ya kawaida weka bei ya betri mpya kwenye hesabu. Kwa ya kuchomoa, rudisha.

2. Ilaze kwenye kioo bapa, uitazame kwa ubavu. Skrini iliyoinuka ukingoni, mguu wa nyuma usiofunga, au padi ya kipanya iliyopanda juu, ni betri iliyovimba. Betri hiyo usiichaji, usiikandamize, wala usiitume kwa basi.

3. Bandika na chomoa kibodi mara ishirini, ukiandika neno kila mara. Itikise kidogo ikiwa imebandikwa.

4. Shika ikoni kwa kidole uiburute ukifagia skrini nzima. Ikijiachia yenyewe, hapo pamekufa. Kisha fungua Paint, weka rula, chora mistari ya mshazari polepole kwa kalamu; ikitoka ya mawimbi, kalamu hiyo haifai kwa michoro ya vipimo.

5. Mwambie muuzaji aifute na kuirudisha mwanzo, halafu uiwashe ukiwa umeiunganisha na intaneti ya simu yako. Mashine iliyokuwa ya kampuni na haijaachiliwa itadai barua pepe ya kampuni hiyo, na hilo halionekani mpaka iwe mtandaoni. Ingia pia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya ndani inayokuja kabla ya Windows, uone kama haina nenosiri.

Na muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti, pamoja na nani atalipia usafiri kutoka Amu. Dhamana ya siku saba inaliwa na barabara yenyewe.

Ukishafika nayo

Ihifadhi kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na vifuko vitano sita vya silika, si kwenye kidaka cha ukuta wa mawe, ambacho hutoa unyevu mvua za masika zinapokuja. Usiku usiiache kwenye chaja ikiwa asilimia 100 kila siku. Nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80, uwashe. Futa mwili wa mashine kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo sana kila wiki, kwa sababu chumvi iliyokauka huvuta unyevu upya.

Nakili kazi zako kwenye diski ya nje kila Ijumaa. Mashine yenye diski iliyochomelewa ubao wake ukifa, faili hufa nao. Na kwa sababu Windows mara nyingi hufunga diski kwa kufuli yake ya siri, BitLocker, bila kukuuliza, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, tafuta ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, uandike kwenye karatasi na kuuweka mbali na kompyuta. Fundi wa Mombasa akibadilisha ubao au kugusa BIOS, mashine itauomba ufunguo huo kabla ya kufunguka, na yeye hana namna ya kuupata bila wewe.